Kilwa nayo ilikuwemo kwenye Mapinduzi ya Ufaransa

Tarehe 14 Septemba 1776 sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim, aliwekeana mkataba wa maandishi na Mfaransa mmoja anaitwa Jean-Vincent Morice. Mkataba wenyewe unasema sultani atampa Morice watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piasta 20 (sarafu za fedha za wakati ule) kila mtu, alafu juu ya hapo Morice atatoa piasta 2 kwa kila kichwa, hizo ni zawadi ya sultani mwenyewe, na hakuna mwingine atakaeruhusiwa kununua mpaka Morice apate wa kwake, awe Mfaransa, Mwingereza, Mholanzi au Mreno. Muda wa mkataba ni miaka 100. Miaka mia jamani! Yaani ungefuatwa mpaka mwisho ungeisha 1876, na watu laki moja wangekuwa wametoka kwenye bandari moja tu ya mkoa wetu huu wa Lindi kwa karatasi moja.

Sasa shika hiyo tarehe alafu uuangalie mwaka wenyewe. Mwezi wa tano mwaka huohuo, kule Ufaransa, mfalme Louis XVI alimfukuza kazi waziri wake wa fedha, Turgot, ambae kosa lake kubwa lilikuwa kutaka kufuta kazi za lazima ambazo wakulima walikuwa wanafanyishwa bure kutengeneza barabara na badala yake wenye ardhi wote walipe kodi, wakubwa nao humo, wakubwa wakang'aka na mfalme akawasikiliza wakubwa. Mwezi wa saba tarehe 4 kule Philadelphia Wamarekani wakatangaza kwamba binadamu wote wameumbwa sawa na wana haki ya uhai na uhuru, na alieandika rasimu ya tangazo hilo, Thomas Jefferson, katika maisha yake yote alimiliki watumwa zaidi ya 600. Wiki kumi na kidogo mbele, Kilwa, piasta 20.

Mi nafundisha tuisheni ya historia hapa Lindi mjini, wanafunzi wangu wengi ni wa HGL na HKL, michepuo ya fomu faivu na siksi yenye historia, na hii topiki ya wafalme wa Ulaya, wanafalsafa na mapinduzi huwa wanaipokea kama habari za sayari nyingine. Mtoto anakariri sababu za Mapinduzi ya Ufaransa, moja ya kiuchumi, mbili ya kijamii, tatu wanafalsafa, nne udhaifu wa mfalme, anaziandika kwenye mtihani, anapata alama zake na wiki ijayo hazipo kichwani. Siwalaumu kabisa, maana ndo walivofundishwa. Lakini inaniuma, kwa sababu kutoka hapa tulipo mpaka kwenye nyumba ya yule sultani ni masaa machache ya basi, unashuka Nangurukuru, unapanda gari ya Masoko, unavuka na mashua, umefika. Kwaiyo leo nataka niieleze hii topiki kama ninavotamani ingefundishwa huku kusini, Kilwa ikiwa ndani yake.

Tuanze na wafalme wenyewe. Louis XIV alirithi kiti 1643 akiwa hajatimiza hata miaka mitano na akakikalia mpaka anakufa 1715, miaka 72. Alipokuwa mtoto wakubwa wa nchi waliasi, fujo zikafika Paris, yeye na mama yake ikabidi wakimbie mji, na mi nadhani ile hofu haikumtoka maisha yake yote. Alipokuwa mtu mzima akajenga jumba la Versailles nje ya Paris na 1682 akahamishia serikali yote huko, na wakubwa nao wakamfuata kwa sababu ukiwa mbali na mfalme hupati cheo, hupati pensheni, hupati kitu. Unaambiwa mtu mwenye ukoo mkubwa na majeshi ya mababu zake alikuwa anahesabu ni heshima kubwa akichaguliwa kushika mshumaa usiku mfalme akivua nguo akalale. Hapo ndo utajua mtu aliwaweza. Mikoani akapeleka maofisa wake waliokuwa wanawajibika kwake peke yake, Bunge la Matabaka (mapadri, makabaila na watu wa kawaida, kila tabaka kura moja) lilikuwa halijaitishwa tangu 1614 na yeye hakuliitisha, na askofu Bossuet akawa anafundisha kwamba mfalme amewekwa na Mungu, kumpinga yeye ni kumpinga aliemuweka. Na kulikuwa na barua zenye muhuri wa mfalme, mtu anaandikiwa moja tu anaenda jela, hakuna kesi, hakuna wakili, hakuna siku ya kutoka iliyoandikwa.

Mwaka 1685 huyuhuyu Louis alitoa sheria mbili ambazo huwa naziweka pamoja ubaoni. Ya kwanza aliwafutia Waprotestanti haki ya kuabudu, makumi ya maelfu kwa makumi ya maelfu wakakimbia nchi. Ya pili iliitwa Code Noir, sheria ya watumwa kwenye visiwa vyake vya Karibi. Mwaka 1723 ikatoka ya kufanana nayo kwa ajili ya visiwa vya bahari yetu hii ya Hindi, kisiwa cha Bourbon na Île de France ambayo leo ndo Morisi. Humo imeandikwa mtumwa akitoroka mwezi mzima anakatwa masikio na kupigwa chapa ya moto begani, chapa yenyewe ni ua la yungiyungi, nembo ya mfalme wa Ufaransa. Akitoroka mara ya pili anakatwa mshipa wa nyuma ya goti, ya tatu anauawa. Kwaiyo lile ua unaloliona kwenye mapicha ya Versailles, kwenye mapazia na makochi, liliwekwa pia kwenye mabega ya watu kwa chuma cha moto, na watu wa visiwa vile walitoka wapi? Wengi walitoka Madagaska na pwani hii, Msumbiji mpaka Kilwa.

Wafaransa wa kawaida nao walikuwa wanaumia, hili wanafunzi wangu huwa wanalielewa haraka nikiwaambia habari ya chumvi. Sisi watu wa Lindi chumvi tunaijua inavotoka, maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa, jua linapiga siku kadhaa, watu wanashuka kukwangua na kukusanya vichuguu vyeupe kandokando. Sasa fikiria serikali inakuja inakwambia hiyo chumvi huruhusiwi kununua kwa jirani, lazima ununue ghala la mfalme, tena siyo ukitaka, lazima, kila mtu mwenye zaidi ya miaka 8 kwenye mikoa ya kaskazini na katikati alitakiwa anunue kama ratili 7 kwa mwaka kwa bei waliyopanga wao. Na chumvi hiyo ya lazima ni ya kupikia na ya mezani tu, ukiitumia kukausha nyama au samaki umevunja sheria, ya kukaushia ununue nyingine! Huku kwetu kwenye ng'onda kila soko, sijui watu wangevumilia vipi. Kodi hiyo iliitwa gabelle, na mbaya zaidi haikuwa sawa nchi nzima, mkoa wa Bretagne ulisamehewa kabisa, unavuka mpaka wa mkoa tu bei inaruka mara nyingi, kwaiyo watu wakawa wanavusha chumvi usiku, wanaume, wanawake, mpaka watoto, wakikamatwa faini na kifungo na wengine walifungwa kwenye meli za makasia. Mkusanyaji mwenyewe hakuwa hata mtumishi wa mfalme, ni kampuni ya matajiri waliomlipa mfalme mapema alafu wao ndo wanatafuta faida yao migongoni mwa watu. Wakati huo mapadri na makabaila kodi nyingi haziwagusi. Gabelle ilifutwa 1790, mwaka wa pili wa mapinduzi.

Sasa hapa katikati ndo wanaingia wanafalsafa, hizi ndo zinaitwa Zama za Mwangaza, na ni sehemu ninayoipenda sana, naomba mnivumilie. Voltaire alipigwa na watumishi wa kabaila mmoja wa ukoo wa Rohan kwa sababu ya majibizano tu, na alipotaka haki yake akafungwa yeye, akapelekwa Bastille, gereza la mfalme pale Paris, ilikuwa 1726 na haikuwa mara yake ya kwanza mle, alafu akaruhusiwa kuondoka kwenda Uingereza. Kule akakuta nchi ambayo mfalme alishakatwa kichwa 1649, mwingine akakimbia 1688, na 1689 bunge likaandika sheria kwamba mfalme hawezi kutoza kodi wala kusimamisha sheria bila bunge. Akarudi na hayo mawazo. Mwaka 1762 pale Toulouse mfanyabiashara mmoja Mprotestanti, Jean Calas, aliuawa kwa kuvunjwavunjwa mifupa, akisingiziwa kamuua mwanae asibadili dini, Voltaire akaandika barua, akaandika vitabu, akasumbua kila mwenye cheo mpaka 1765 ikatangazwa kwamba Calas hakuwa na hatia. Mtu ameshakufa, ndiyo, lakini nchi nzima iliona kwamba mahakama ya mfalme inaweza kuhojiwa na mtu mwenye kalamu. Montesquieu 1748 akaeleza kwamba anaetunga sheria, anaetekeleza na anaehukumu wasiwe mtu mmoja. Rousseau 1762 akasema mamlaka ni ya wananchi wenyewe, mtawala amekabidhiwa tu. Diderot na wenzake wakakaa zaidi ya miaka 20 wanatoa kamusi elezo yenye kila kitu, mpaka michoro ya karakana za mafundi, na ndani yake kuna makala ya Jaucourt inasema wazi kwamba biashara ya watumwa inavunja dini, maadili, sheria ya asili na haki zote za binadamu. Hiyo ilitoka 1765, miaka 11 kabla ya mkataba wa Kilwa.

Kuna mwingine vitabu vya shule havimtaji lakini kwetu sisi wa bahari hii ndo wa kwanza kumsoma, Bernardin de Saint-Pierre, rafiki yake Rousseau. Huyu aliishi Île de France kati ya 1768 na 1770, akawaona watu wanashushwa melini, akaona wanavopigwa mashambani, akarudi Ufaransa na 1773 akachapisha barua zake. Aliandika kwamba hajui kama kahawa na sukari ni vya lazima kwa furaha ya Ulaya, ila anajua mimea hiyo miwili imeleta balaa kwa sehemu mbili za dunia, Amerika imemalizwa watu ipatikane ardhi ya kulima, Afrika inamalizwa watu wapatikane wa kulima. Mtu wa Paris 1773 hakuweza kusema hajaambiwa. (Na kwa taarifa tu, karafuu za Unguja na Pemba nazo zilipitia visiwa hivyohivyo vya Wafaransa kabla hazijafika huku.)

Kwaiyo wanafalsafa wote walikuwa upande wetu? Hapana. John Locke, ambae mawazo yake ya haki ya uhai, uhuru na mali yamo kwenye kila notisi, aliweka pesa zake kwenye hisa za kampuni ya Kiingereza ya biashara ya watumwa. Wengi walikaa kimya au waliandika mistari miwili wakapita. Na wale wafalme walioitwa wa mwangaza, Frederick wa Prussia na Catherine wa Urusi, walikuwa wanaandikiana barua nzuri na Voltaire huku wakulima wao wamefungwa kwenye ardhi za mabwana, Catherine akanunua hadi maktaba ya Diderot, nadhani afadhali Joseph II wa Austria ambae 1781 alianza kweli kuwafungua wakulima.

Nilivoenda Kilwa Kisiwani nilikuwa nataka kuona Makutani tu, lile jumba la masultani. Wageni wengi wanapelekwa kwanza Msikiti Mkubwa na Husuni Kubwa, ni sawa, ni urithi wa dunia tangu 1981 na vinastahili, lakini Makutani ndo ina hii habari ya karne ya 18. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, kuna sehemu zimeanguka na mizizi imeingia kwenye nyufa, unaona bado vyumba vilivyokuwa na ghorofa, na ukisimama pale bahari iko karibu kabisa. Alikuwepo mzee mmoja wa pale kisiwani amekaa kivulini anasuka kamba, nikamwamkia, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu, karibu," tukaongea, nikamweleza kuhusu mkataba. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza, "Na hao waliouzwa wameandikwa majina?" Nikamwambia hapana mzee, limeandikwa jina la sultani na baba yake na babu yake, la Morice, na bei. Akasema, "Basi hapo kuna watu wawili tu na elfu hawapo."

Nimelibeba hilo neno kwenye kila somo tangu siku hiyo.

Na sultani tusimfiche. Najua kuna watu wakisoma hapa watasema Mfaransa ndo alikuja kuharibu, ni kweli alikuja na pesa na meli, lakini Hasan bin Ibrahim nae alikuwa mfalme, na mfalme anaeuza watu kwa maelfu na kuchukua piasta 2 kila kichwa hana tofauti na yule anaekula kodi ya chumvi Versailles, tena wa kwetu ni zaidi. Waliouzwa hawakuwa watu wa nyumba kubwa za Kisiwani, walikuwa watu wa bara, kuelekea kule Ziwa Nyasa, wengi wakiletwa na misafara ya wafanyabiashara wa Kiyao waliokuwa wanakuja na pembe za ndovu vilevile. Alikuwa na sababu zake, Waomani walikuwa wanamkaba na mkataba ulimpa Morice ngome ya kuweka mizinga na bendera yake, yaani alikuwa anatafuta mlinzi. Haikumsaidia. Morice alipeleka kwa serikali ya mfalme wa Ufaransa mpango wa kufungua kituo Kilwa, haukufanyiwa kazi, na miaka ya 1780 Waomani wakaichukua Kilwa. Mkataba wa miaka mia haukufika popote, ila meli za Kifaransa ziliendelea kuja.

Turudi Ufaransa, 1789 nitaipitisha haraka kwa sababu hii mnaijua. Serikali ilikuwa imefilisika, pesa nyingi zilienda kuwasaidia Wamarekani kwenye vita vyao vya uhuru, mvua ya mawe ya Julai 1788 ikaharibu mazao, baridi ikawa kali, mkate ukapanda, mfalme akakwama akaitisha Bunge la Matabaka, likafunguliwa tarehe 5 Mei 1789, mara ya kwanza baada ya miaka 175. Tabaka la tatu ambalo ndo karibu nchi nzima likagoma kuhesabiwa kura moja dhidi ya mbili za wakubwa, likajiita Bunge la Taifa. Bastille ikaanguka 14 Julai, ndani walikutwa wafungwa 7 tu lakini jengo lenyewe ndo lilikuwa kitisho. Usiku wa 4 Agosti makabaila wenyewe wakasimama bungeni kuachia haki zao za kimwinyi, 26 Agosti likapitishwa Tangazo la Haki za Binadamu na Raia, vifungu 17, cha kwanza kinasema watu wanazaliwa na kubaki huru na sawa katika haki. Mwezi wa kumi wanawake wa Paris wakatembea mvuani mpaka Versailles kudai mkate na wakarudi na mfalme. Alikatwa kichwa 21 Januari 1793. Olympe de Gouges aliedai haki hizohizo ziandikwe kwa wanawake nae akakatwa kichwa mwaka huohuo, na hilo siwezi kuwasamehe wanamapinduzi wale.

Ila kuna jambo moja la mwaka huo ambalo nataka tulitulie. Kabla ya bunge kukaa, kila kijiji na kila mji Ufaransa uliambiwa uandike malalamiko yake kwenye daftari, watu wakakutana, mara nyingi kanisani, wakaandika, yakapatikana madaftari makumi ya maelfu. Mengi ni kodi, chumvi, njiwa wa bwana wanaokula mbegu, ushuru wa kinu. Sasa tarehe 19 Machi 1789 kijiji kimoja cha mashariki, Champagney, watu wa kawaida wa kijijini, pamoja na shida zao zote wakaweka kifungu cha 29 wakimwomba mfalme akomeshe utumwa wa watu weusi kwenye makoloni, wakasema hawawezi kufikiria mateso ya wenzao wale, wanadamu kama wao, bila mioyo kuuma. Hawana meli, hawana shamba la miwa, hawana faida yoyote. Kila nikisoma hicho kifungu nawaza kwamba miaka 13 tu nyuma karatasi ya Kilwa iliandikwa na mfalme na tajiri, na hii ikaandikwa na wakulima, na kati ya hizo mbili ni ya wakulima iliyomuona yule mtu wa bara kama mtu.

Lakini bunge halikuwasikiliza Champagney. Wenye mashamba walikuwa na watu wao Paris, wakasema makoloni yakiguswa biashara itakufa, na lile tangazo la haki likaishia pwani ya Ufaransa. Walioling'ang'aniza ni watumwa wenyewe. Agosti 1791 kwenye koloni la Saint-Domingue kule Karibi, lililokuwa na watumwa kama laki 5 na linatoa sukari nyingi kuliko koloni lolote, mashamba yakawashwa moto, na vita haikuzimika tena. Agosti 1793 kamishna Sonthonax akatangaza uhuru kule kaskazini kwa sababu bila watu weusi asingeweza kushikilia kisiwa. Mwezi wa pili 1794 wakaingia bungeni Paris wajumbe watatu kutoka huko, mmoja mweupe, mmoja chotara, mmoja mweusi, Jean-Baptiste Belley, aliezaliwa Afrika na kuwahi kuwa mtumwa, na kesho yake, tarehe 4 Februari, bunge likafuta utumwa kwenye makoloni yote ya Ufaransa.

Yote! Pamoja na ya bahari yetu. Hapa sasa ndo watu wetu wanaingia tena, na ndo sehemu inayonitia hasira. Sheria ilipofika huku wenye mashamba walikataa. Mwaka 1796 serikali ya Paris ikatuma mawakala wawili, Baco na Burnel, na wanajeshi kwenda Île de France kuitekeleza, wenye mashamba wakawazunguka, wakawapandisha melini kwa nguvu na kuwafukuza kisiwani. Kile kisiwa cha Bourbon kilishabadilishwa jina tangu 1793, kwa kuwa Bourbon ni jina la ukoo wa mfalme, kikaitwa La Réunion, na leo ndo jina lake, jina la kimapinduzi kabisa, na kwenye mashamba yake watu walikuwa wanapigwa kengele ya alfajiri na fimbo vilevile. Alafu Napoleon, jemadari aliekuwa ameshika madaraka Ufaransa, mwaka 1802 akarudisha utumwa kisheria. Toussaint Louverture, jemadari wa Saint-Domingue, alikamatwa kwa hila mwaka huo akafia kwenye gereza la baridi milimani Ufaransa Aprili 1803, ila wenzake walipigana mpaka wakashinda, na 1 Januari 1804 nchi ikazaliwa, Haiti. Huo ndo ushindi mkubwa kuliko wote wa zama zile kwa maoni yangu, mkubwa kuliko Bastille, na 1825 Ufaransa ikaja kuwadai Haiti faranga milioni 150 kama fidia ya wenye mashamba! Waliokuwa watumwa ndo wamlipe bwana.

Watu wa Île de France walisubiri mpaka Waingereza walioichukua 1810 walipofuta utumwa pale 1835. Wa Réunion walisubiri mapinduzi mengine, ya Februari 1848, mfalme mwingine akafukuzwa Paris, aprili sheria ikapita kwa juhudi za Victor Schoelcher, na 20 Desemba 1848 watu zaidi ya elfu 60 wakatangazwa huru kisiwani na kuanza kuandikishwa kwenye madaftari ya serikali, jina na jina la ukoo. Mzee wa Kisiwani aliuliza majina, basi majina yalianza kuandikwa hapo, ila siyo yale waliyoondoka nayo bara, mengi ni ya kupewa na karani. Tarehe hiyo Réunion ni sikukuu mpaka leo. Na bado, miaka ya 1850 meli za Kifaransa zilirudi pwani hii kuchukua watu kwa jina la vibarua wa mkataba, wengi wao ni walionunuliwa kwanza alafu wakaandikiwa mkataba.

Kuna kijana aliniambia darasani, mwalimu kama ni hivo basi hayo mawazo yao ya uhuru ni unafiki tuyaache. Nilimkatalia na nitaendelea kukataa. Mawazo yalikuwa ya kweli hata kama walioyaandika walipungukiwa, na ushahidi ni kwamba Toussaint na wenzake waliyachukua yaleyale wakayatumia dhidi ya Wafaransa wenyewe, na watu wa Champagney wasio na kitu waliyaelewa kuliko wenye hisa. Wazo kwamba hakuna mtu aliezaliwa kumilikiwa halikuwa mali ya Paris. Huku kwetu watu wa milima ya Matumbi 1905 walikataa kulimishwa pamba ya Mjerumani kwa nguvu bila kusoma Rousseau hata mstari mmoja, na wakulima wa Ufaransa waliokuwa wanavusha chumvi usiku nao wengi hawakujua kusoma.

Wanangu wa fomu siksi mwaka huu nimewaambia, mkipata swali la matokeo ya Mapinduzi ya Ufaransa msiishie kwenye kuanguka kwa umwinyi na kupanda kwa Napoleon, weka aya moja ya bahari ya Hindi, andika 1776 Kilwa, 1794 Paris, 1796 Île de France, 1802 Napoleon, 1848 Réunion, na eleza kwa nini sheria ilichukua miaka 54 kutoka bungeni mpaka shambani. Anaesahihisha atajua huyu mtoto ameelewa. Jumamosi tunaendelea saa mbili asubuhi, tunaanza na bajeti ya Ufaransa ya 1788 ambayo karibu nusu yake ilikuwa inaishia kwenye madeni, mje na kikokotoo.